Shaba haipiti kavu: niliyowaambia vijana wa karakana pale Bombo

Wengi mliokaa nyuma mlisema jenereta iliwazuia kusikia, na wengine mmenipigia simu kuuliza ile habari ya mafuta ilikuwaje, kwa hiyo naiweka hapa yote vile nilivyosema Jumamosi, pamoja na maswali mliyouliza.

Wanangu, asalaam aleikum, na kwa ambao si wa salamu hiyo, hamjambo wote. Mzee mwenyekiti ameniomba niongee nusu saa kuhusu kitu cha kupaka kwenye shaba kabla hujaipitisha kwenye dai, kile chuma chenye tundu la kubania kitu kifike saizi yake. Nimemwambia nusu saa ni kidogo. Mimi nimefanya hii kazi miaka mingi, kwanza jeshini kwenye karakana ya bendi, alafu hapa nyumbani, na vitu vilivyokwama ndani ya dai nimevitoa vingi sana, na karibu vyote havikukwama kwa sababu presi ilikuwa dhaifu ama dai ilichongwa vibaya. Vilikwama kwa sababu mtu alipaka kitu kisichofaa, ama alipaka kinachofaa lakini akapaka vibaya.

Angalieni hii pete hapa mkononi. Ni pete ya mpini wa patasi, shaba ya manjano, nimeikata kwenye bomba kuukuu. Nje ina milimita 20 na nukta 4, na mimi naitaka iwe 20 kamili ili ishike mti bila kucheza. Kwa hiyo naisukuma kwenye hii dai, chuma kigumu kilichotobolewa tundu la milimita 20, mdomo wake umechongwa kama faneli kidogo. Inasikika rahisi. Sasa piteni kidole ndani ya tundu, pole pole, mtasikia pale katikati kuna mistari kama nywele. Hiyo sio chuma imechunika, hiyo ni shaba imebaki. Kijana wangu mmoja alisukuma pete kavu mara moja tu, moja tu jamani, shaba ikajipaka kwenye chuma, na tangu siku hiyo kila pete inayopita hapo inatoka na mikwaruzo mpaka niipige msasa laini niitoe yote. Shaba ni laini na inapenda kung'ang'ania chuma ikibanwa. Mafuta kazi yake ni kukaa katikati yao wasigusane.

Na hapo ndipo watu wanakosea. Wanafikiri kitu chochote kinachoteleza mkononi kitateleza ndani ya dai. Hapana. Mkononi mwako hakuna presha. Ndani ya dai kuna presha kubwa sana na mwendo ni mdogo, kwa hiyo mafuta mepesi yanakamuliwa yote yanakimbia pembeni, kinachobaki ni shaba na chuma uso kwa uso. Oili ya injini imetengenezwa kwa kitu kinachozunguka haraka, kile kuzunguka chenyewe ndo kinavuta oili ndani na kujenga utando. Kwenye dai hakuna kuzunguka. Unahitaji kitu ambacho kinashika chuma chenyewe kama gundi, hata ukikikamua hakitoki. Mafuta ya wanyama na ya mimea yana hiyo tabia, maanake yana asidi za mafuta, upande mmoja wa hiyo asidi unakamata chuma na upande mwingine unabaki nje unateleza. Sabuni pia ni hivyo hivyo, sabuni si imepikwa kutoka mafuta? Viwanda vya kuvuta waya mpaka leo vinatumia unga wa sabuni, waya unapita kwenye unga ndo unaingia tundu.

Sasa mtaniuliza, mzee, haya yote umejifunza wapi. Mengi nimejifunza kwa kuharibu. Lakini mengine nimejifunza kwa watu ambao kazi yao sio yetu kabisa. Kule Marekani kuna wawindaji na watu wa kulenga shabaha ambao wakishapiga risasi wanaokota ganda, wanalirudisha kwenye saizi yake, wanalijaza tena. Kwao sheria inaruhusu. Hapa Uganda tuna Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 na hakuna mtu anaweza kujitengenezea risasi nyumbani kwake hivi hivi bila leseni, kwa hiyo asitoke mtu hapa akisema mzee wa Bombo ametufundisha risasi. Ninachotaka ni akili yao kuhusu shaba. Maanake ganda la risasi na bomba la tarumbeta ni karibu shaba ileile, asilimia 70 ni shaba nyekundu na 30 ni zinki. Ile shaba nyekundu iliyokuwa inachimbwa kwetu Kilembe tangu 1956 na kuyeyushwa Jinja mpaka kazi ikasimama 1982, ukiichanganya na zinki kwa kipimo hicho unapata ileile ambayo leo iko mdomoni kwa kijana anayepuliza kwenye bendi ya shule.

Na hawa watu wa maganda wanajua mafuta kuliko mtu yeyote, kwa sababu wanapitisha ganda moja moja kwa mkono, mamia kwa mamia, na kila moja wanalisikia kwenye mpini wa presi. Ganda likipigwa linavimba mpaka linajaa chemba ya bunduki. Kulirudisha unalisukuma lote ndani ya dai. Sehemu ngumu kuliko zote ni chini karibu na kitako, kwa sababu ukuta pale ni mnene, na hapo ndipo linakwama. Likikwama unavuta mpini, kile kishikio cha presi kinachoshika ganda kinachana ukingo wa kitako, ganda linabaki ndani. Dawa yake ni kutoboa kitako na drili, kukata nyuzi za bolti kwenye hilo tundu, alafu unaweka bushi juu na kuvuta kwa bolti pole pole. Nimetumia njia hiyohiyo kutoa bomba la trombone lililokwama kwenye dai yangu na ilifanya kazi, lakini ilikula asubuhi nzima.

Wao wanatumia nini? Kuna nta laini kwenye kikopo kidogo, unagusa na kidole unafuta mwilini mwa ganda, hiyo wengi wanaipenda kwa kazi ngumu. Kuna sabuni za majimaji ambazo ni rahisi kuosha lakini zinavumilia kidogo. Alafu kuna lanolini, yale mafuta ya manyoya ya kondoo, wanachanganya na spiriti kali, lanolini sehemu moja na spiriti kama sehemu kumi, wanapulizia maganda ndani ya mfuko wanatikisa. Hapo kuna siri moja ambayo imeponza wengi: spiriti sio ya kutelezesha, spiriti ni gari tu ya kubeba lanolini mpaka ifike kila mahali. Lazima ungoje ikauke yote. Ukiingiza ganda likiwa bado limelowa, unaingiza spiriti kwenye dai, na litakwama ukiwa na mafuta mazuri kabisa mkononi. Nawaambia hii kwa sababu hapa kwetu mtu akichanganya nta na petroli ili ipakike vizuri anafanya kosa hilohilo, anapaka na kusukuma papo hapo. Ngojeni ikauke! Shika, isikie na kidole, iwe na utelezi bila ubaridi.

Kuna kitu kingine walinifundisha kuhusu kuzidisha. Ganda la bunduki lina bega, pale linapojikunja kwenda shingoni. Ukipaka mafuta mengi hapo, yanasukumwa mbele yanajaa kwenye kona ya dai, na mafuta hayabonyei, unajua majimaji huwezi kuyabana yakawa madogo, kwa hiyo shaba ndo inabonyea. Unatoa ganda lina kishimo begani kana kwamba mtu amelibonyeza na kidole gumba. Dai nyingi zina katundu kadogo ka kutolea hewa kwa ajili hiyo, lakini kakiziba na uchafu hakasaidii. Kwa hiyo wao mwilini wanapaka, begani hawapaki, na ndani ya shingo wanapitisha brashi yenye unga mkavu wa grafaiti kidogo ili kile kijiti cha kupanulia shingo kisikwaruze. Mambo ya vishimo nimeyaona kwenye kengele ya tarumbeta pia, yaani ule mdomo wake mpana wa mbele. Kijana alikuwa anasukuma mpira wa chuma ndani kutoa bonde, yaani pale palipobonyea, amejaza grisi mpaka inamwagika, na pale kwenye mkunjo grisi ikakosa njia ya kutoka, bonde likahama likaja upande wa pili.

Hapa dada mmoja wa Wobulenzi aliinua mkono akaniuliza, "Mzee, kwa nini tusipake tu ile grisi ya boda, si iko kila mahali?" Swali zuri. Grisi ya kawaida ni oili ya madini iliyogandishwa na sabuni, kwa kazi nyepesi itakupeleka, pete nyembamba, bomba linalopungua kidogo sana. Sikatai. Lakini kuiosha ni kazi, inaficha vumbi la msasa ndani yake, na vumbi la msasa ndani ya dai ni msumari. Ukitumia grisi tumia mpya kutoka kwenye kikopo kilichofungwa, sio ile ya kuchotwa kwenye karatasi chini ya benchi.

Oili chafu ya gari sitaki hata kuiongelea, ina unga wa chuma na masizi.

Gia oili ndo nataka mnisikilize vizuri. Najua ni nzito na inavumilia presha, mekanika yeyote atakwambia, na ni kweli. Kinachofanya ivumilie ni dawa za salfa zilizowekwa ndani, ndo maana inanuka vile. Hizo dawa ni rafiki wa chuma cheusi. Kwa shaba ni adui. Mimi mwaka mmoja nilikuwa na mabomba manane ya kurekebisha, nikayapaka gia oili, nikayapitisha, yakapita kama siagi nikafurahi sana, alafu nikapata msiba nyumbani nikaenda kuzika nikayaacha vilevile. Kurudi nayakuta yamekuwa kahawia na mengine meusi madoadoa. Nilisugua siku mbili. Yale niliyoyapasha moto kabla sijayaosha vizuri ndo yalikuwa mabaya zaidi, doa liliingia ndani, mawili nikayatupa. Kwa hiyo kabla ya kupaka kitu kigeni kwenye kazi ya mteja, kipake kwenye kipande cha shaba ya kutupa, kiache usiku mzima mahali pa joto, asubuhi futa uone. Kikibadilisha rangi usikitumie.

Sasa tuje kwa mafuta yetu, maanake sio kila mtu hapa ataagiza kikopo cha nje.

Nyonyo. Mafuta ya nyonyo ni mazito na yanashika chuma vizuri sana, zamani ndege za vita vya kwanza vya dunia zilitumia hayo kwenye injini zake za kuzunguka, kwa sababu petroli haiyayeyushi kirahisi. Uzuri huohuo ndo shida yake kwenye kuosha: utasugua na petroli mpaka uchoke, tumia spiriti ama maji moto na sabuni nyingi yanatoka. Simsim na alizeti zinafaa kwa dharura, lakini zikikaa zinakauka zinakuwa kama vanishi inayonata, kwa hiyo siku hiyohiyo osha. Mafuta ya ng'ombe yaliyochujwa bila chumvi ni mazuri kweli, wazee wa chuma wameyatumia miaka na miaka, ila yanaoza na kunuka na yanaita panya. Sabuni ya mche iliyokunwa kwenye maji moto mpaka iwe uji mzito, hiyo ni bora kwa mabomba mengi mepesi kwa sababu kuosha ni maji tu. Ipake, ikauke kidogo, pitisha.

Ninayotumia mimi zaidi ni hii hapa kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka. Moo yaa, ile ya watu wa Lango na Acholi, wanawake wanaikamua kutoka kwenye mbegu za mti wa shea wa kule kaskazini. Vijiko vitatu vya moo yaa na kijiko kimoja cha nta ya nyuki, nayeyusha ndani ya sufuria iliyokalia maji moto, sio juu ya moto moja kwa moja, nakoroga, nachuja na kitambaa safi, naacha igande. Moo yaa ya kwetu ni laini, peke yake kwenye jua la saa nane inayeyuka inatiririka, nta ndo inaishikilia. Nachukua kama punje ya maharage kwenye kidole, nafuta pete yote nje mpaka siioni tena ila naisikia. Hiyo ndo kiasi. Ukiiona nyeupe imekaa juu ya shaba, umezidisha.

Kijana mmoja aliuliza kama kuna dai ambayo haitaki mafuta. Ipo. Wale watu wa maganda wana dai yenye pete ya kabaidi ndani, ile ile ngumu ya kwenye ncha za drili za saruji, na kwa maganda mafupi yaliyonyooka ya bastola wanapitisha bila kupaka kitu. Kabaidi ni ngumu na uso wake unateleza kiasi kwamba shaba haipati pa kung'ang'ania. Lakini maganda yenye shingo bado wanapaka. Sisi na dai zetu za chuma cha kuchonga wenyewe, tunapaka kila mara.

Na baada ya kupitisha, osha. Hapa sitapunguza sauti. Kwa wenzetu wa maganda mafuta yakibaki ndani yanaharibu baruti na fataki, ile ya kitakoni inayowasha baruti, na yakibaki nje ganda halishiki ukuta wa chemba, nguvu yote inarudi nyuma kwenye bolti ya bunduki, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, hatari. Kwetu sisi mafuta yakibaki, solda haishiki, moto ukipita yanaungua yanakuwa makaa yaliyoganda kwenye shaba. Shaba ikisukumwa inakuwa ngumu, mnajua, ukiipitisha mara ya pili ama ya tatu inaanza kupasuka, kwa hiyo lazima tuipashe irudi laini, kama nyuzi za selsiasi 500 mpaka 600 hivi, yaani ukiwa kivulini unaona wekundu mdogo wa kufifia, basi, toa moto. Hata ukiitumbukiza kwenye maji haigeuki ngumu vile chuma kinavyogeuka. Lakini ioshe kabla ya moto. Oshaaa.

Muioshe na nini? Sio na dawa ya kung'arishia yenye amonia. Hii nataka niielezee kwa sababu imenigusa. Kuna shule moja ilinileta tarumbeta tano, zote zina nyufa pale kwenye mkunjo, nyufa nyembamba zimenyooka kama zimekatwa na wembe. Walisema watoto wameangusha. Nikaangalia, hakuna bonde hata moja. Nikaenda mwenyewe kuona stoo. Ukuta mmoja tu umetenganisha stoo na banda la kuku, kuku wengi, kinyesi kimejaa, ukiingia macho yanawasha. Nikajua. Hiyo harufu inayowasha macho ni amonia, na shaba iliyosukumwa bila kupashwa tena ina mkazo ndani yake, kama kamba iliyovutwa, amonia inaingia na kuifungua. Waingereza walipokuwa India walishaona haya kwa risasi zao, msimu wa mvua waliziweka kwenye mazizi ya farasi, mvua ikiisha wanakuta maganda yamepasuka, hasa pale yalipobanwa kushika risasi, na hawakujua sababu mpaka mwaka 1921 Moore, Beckinsale na Mallinson walipoonyesha kwamba ni amonia ya mikojo ya farasi ikikutana na ule mkazo. Farasi wa India na kuku wa hapa ni habari moja. Kwa hiyo shaba uliyoipitisha kwenye dai usiiweke karibu na choo, wala banda, wala gunia la mbolea ya yuria, na ukiweza ipashe moto kidogo, nyuzi 250 hadi 300 hivi, inatoa ule mkazo bila kuilainisha. Zile tarumbeta, tatu niliziziba kwa viraka, mbili hazikupona, na watoto walikuwa wamesimama mlangoni wananiangalia. Niliumia.

Basi muda umeniishia, na presi ile pale imeshafungwa kwenye meza. Njooni watano watano. Wewe dada wa Wobulenzi anza. Futa mikono na kitambaa safi kwanza. Chukua pete hii, pitisha kidole na moo yaa kidogo, kidogo zaidi, nionyeshe. Bado naiona nyeupe pale pembeni, ifute. Sawa. Sasa iweke kwenye mdomo wa dai, ikae wima, na ushushe mpini pole pole bila kusimama katikati, ukisimama inashika. Usiisikilize kwa sikio, isikilize kwa kiganja. Ikianza kukataa, usilazimishe, rudisha juu utoe tuangalie wote.